Kabla ya kupunguza nyama na kuongeza mboga: ya kuzingatia kwa mlaji wa Kigoma

Vipimo vitangulie, jikoni baadaye. Pima shinikizo la damu, mzunguko wa kiuno, mafuta ya damu, na sukari ya asubuhi kabla hujala kitu. Bila namba za mwanzo, baada ya miezi 3 hutajua kama chakula kimesaidia. Ukipima CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe wa ndani ya mwili unaohusishwa na maradhi ya moyo, usiipime ukiwa na malaria au homa yoyote: maambukizi huipandisha sana, na hapo haikuambii lolote kuhusu moyo. Pona kwanza, subiri kama wiki 2.

Mwenye dawa aonane na daktari kabla ya kuanza. Insulini na glibenclamide, dawa za kisukari, huendelea kushusha sukari hata kama ugali umepungua, na mtu hutokwa jasho, hutetemeka, pengine huzimia. Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asihamie ghafla kwenye sahani nzima ya kisamvu kila siku. Vitamini K ya majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mgonjwa wa figo aulize kuhusu potasiamu, ambayo imejaa kwenye maharage na ndizi.

Sasa mawese, ambako wengi hukosea hesabu. Kwa kuwa yanatoka kwenye michikichi, watu huyaona hayana neno. Ukweli ni kwamba karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda, nayo hupandisha LDL, lehemu inayoziba mishipa. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban gramu 7 za mafuta hayo. Kwa anayekula kalori 2,000, ukomo wa siku ni gramu 22 hivi, basi vijiko 3 tu vimeshaumaliza. Hatusemi uyaache, maana wekundu wake ni karotini, chanzo cha vitamini A. Ila pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa, na siku nyingine pikia alizeti. Kuyachoma hadi yawe meupe ni hasara tupu: karotini inaungua, mafuta mabaya yanabaki.

Sembe, chapati na soda navyo vyatoka kwenye mimea, na sukari hupanda vilevile. Badili sembe kwa dona, punguza tonge, ongeza maharage. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, anza na nusu kikombe kwa siku. Ukianza na sahani kubwa tumbo litajaa gesi na utakata tamaa mapema.

Dagaa wabaki. Mimea haina vitamini B12, dagaa wanayo, na metformin, dawa nyingine ya kisukari, huishusha zaidi mwilini. Dagaa waliotiwa chumvi waloweke kwanza, kwani chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa bila mfuniko ili sumu ya sayanidi itoke. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupe. Kukaanga hakuondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo.