Kutia kaskazi, kusi na masika kwenye mchezo wa vita wa kihistoria

Michezo mingi ya vita ya kompyuta huja na misimu minne ya Ulaya. Matokeo yake Januari, joto linapowaka Unguja, jeshi linapunguziwa mwendo kwa "baridi". Maelezo haya ni ya ramani ya mwambao wetu, karne ya 19.

1. Futa misimu. Weka miezi 12 kwenye jedwali la CSV (faili la maandishi lenye thamani zilizotenganishwa kwa mkato). Usichomeke namba ndani ya msimbo wa programu.

2. Anza na upepo, maana ndio unaoamua vita vya majahazi. Disemba hadi Februari kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini). Aprili hadi Septemba kusi (upepo wa kutoka kusini). Machi, Oktoba na Novemba maleleji (upepo wa kubadilikabadilika kati ya hizo mbili). Juni na Julai kusi ni kali mno, zuia safari za Arabuni. Zifungue tena Agosti, wakati wa demani, kusi inapopungua nguvu. Chombo kinachokwenda omo (kukabili upepo) kipe robo ya mwendo. Kukisimamisha kabisa ni uvivu wa mtengenezaji: nahodha hubisha, yaani huenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo.

3. Mvua. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukirusha kete mpya kila siku, mvua inawaka na kuzima kama taa mbovu. Mvua ya leo itegemee jana. Kila mwezi upewe namba mbili: uwezekano wa mvua baada ya siku kavu, na baada ya siku ya mvua. Kwa kuanzia, Aprili weka 0.5 na 0.8, Januari 0.1 na 0.4. Kupata wastani wa sehemu ya mwezi yenye mvua, gawa namba ya kwanza kwa (namba ya kwanza + 1 − ya pili). Aprili ni 0.5 ÷ 0.7, zidisha kwa siku 30, yaani siku kama 21 za mvua. Januari hazifiki 5. Zikizidi, punguza ya kwanza. Ukigusa ya pili, unabadilisha pia urefu wa kila mvua.

Tahadhari: namba hizi ni za siku. Zamu ikiwa wiki moja na ukarusha mara moja tu, mvua ya siku 5 inageuka ya wiki 5, na mchezaji atadhani mchezo umeharibika. Zungusha mara 7 ndani ya zamu, kisha hesabu. Siku 5 za mvua au zaidi: njia ni tope, wapagazi nusu mwendo. Kuloa kwa baruti ya gumegume (bunduki ya zamani ya jiwe la kiberiti) kuhesabiwe siku ya mapigano yenyewe, si kwa wiki. Mwezi ukibadilika, hali ya jana ibaki. Ukiifuta, kila tarehe 1 inaanza kavu.

4. Unguja na Pemba zisirushiwe kete mbalimbali. Rusha namba moja kwa mwambao mzima, ila Pemba ongeza 0.05 kwenye uwezekano wa mvua, kwani mvua zake ni nyingi zaidi.

5. Kimbunga kiwe tukio la tarehe, si la bahati: 15 Aprili 1872, Unguja ipoteze mikarafuu mingi, Pemba isalimike.

6. Hifadhi namba ya mbegu ya kete (namba ambayo kompyuta huanzia kurusha kete) pamoja na mchezo, la sivyo mchezaji atafungua upya mpaka apate siku kavu anazozitaka.