Chupa Tupu na Fulana Kuukuu: Namna ya Kuvipa Kazi Mpya Nyumbani

Wengi wanaoanza kutumia upya vitu vilivyochakaa hukosea mahali pamoja: huweka kila chupa na kila kopo wakitumaini kwamba siku moja vitafaa, na baada ya miezi michache stoo hujaa takataka zilizopangwa vizuri. Ni afadhali kuanza na haja iliyopo, kisha kutafuta kitu cha kuitimiza. Kwa mfano, mimea inayonyauka kwa kusahauliwa maji huokolewa na chupa ya plastiki ya lita 1.5 pamoja na fulana ya pamba isiyovalika tena.

Osha chupa, bandua karatasi yake, kisha ikate katikati kwa mkasi. Pasha msumari moto ukiushika kwa koleo, utoboe kizibo na kupanua tundu hadi kufikia takriban sentimita 1. Kata ukanda wa fulana wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 25, uupitishe tunduni ili nusu ibaki ndani na nusu ining'inie nje, kisha funga kizibo, geuza kipande cha juu kichwa chini na ukitumbukize ndani ya kile cha chini, ambacho sasa ni hifadhi ya maji. Jaza udongo mwepesi huku ukanda ukiwa umesimama katikati, panda mche, na mara ya kwanza mwagilia kwa juu, kwa sababu ukanda mkavu huchelewa kuanza kuvuta. Baada ya hapo maji hupanda kidogo kidogo, kama mafuta yapandavyo kwenye utambi wa taa. Usitumie kitambaa cha poliesta tupu, kwani hakinyonyi maji kama pamba. Zungushia sehemu ya chini karatasi nzito, maana mwanga unaopenya huotesha ukijani majini, na ubadilishe maji kila wiki ili mbu wasipate nafasi ya kukua humo.

Fulana iliyobaki isiishie kuwa tambara la jikoni. Ikate kwa mstari ulionyooka chini ya makwapa upate mfano wa bomba, kisha uikate kwa mzunguko mmoja usiokatika, kama mtu anayemenya chungwa, hadi upate kamba ndefu yenye upana wa sentimita 3. Ivute kwa nguvu. Kingo zitajikunja zenyewe. Suka kamba tatu pamoja, zungusha msuko huo kuanzia katikati na uushone kwa uzi imara, nawe utapata zulia dogo la miguu. Shona kazi ikiwa imelala mezani, kwani ukiipakata huanza kujikunja kama bakuli. Mimi liliponitokea hilo niliendelea kushona, na kapu lile bado linahifadhi vitunguu.

Makopo ya bati hufaa kwa kalamu au misumari, ila sugua kwanza ukingo kwa msasa. Mitungi ya kioo haihitaji maelezo mengi: iloweke katika maji vuguvugu, na gundi inayobaki isugue kwa mafuta ya kupikia.

Vyombo vilivyobeba dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya injini havistahili ubunifu wowote. Visihifadhi chakula wala maji, wala visipandiwe mboga, hata vikioshwa mara kumi.