Namna ya kuwaunganisha wapangaji wa nyumba za umma hapa Mbeya (grupu la WhatsApp lije baadaye)

Kama unaishi kwenye nyumba za umma hapa Mbeya, iwe za Shirika la Nyumba la Taifa, za TBA (Wakala wa Majengo wa serikali) au za halmashauri, au una mzazi anaishi humo na unataka kumsaidia, hii ni ya kwako. Mimi nimekaa kwenye jengo la namna hiyo miaka mingi, sitalitaja, na tulishaandika barua mmojammoja mpaka tukachoka, kila mtu anaenda ofisini na paa lake linalovuja, anaambiwa "tumepokea, subiri bajeti", anarudi nyumbani, halafu Novemba mvua inaanza na mpaka Aprili ni mabeseni sebuleni. Mambo yalibadilika siku tulipoenda na karatasi moja ya jengo zima.

Anza milangoni. Grupu ukilifungua mapema wanaongea watu watatu, wengine wanasoma tu, na kesho skrinshoti ziko kwa afisa miliki, yule anayesimamia nyumba zenyewe. Kwa hiyo piga hodi. Nenda jioni watu wakishatoka sokoni Mwanjelwa na makazini, ila Juni na Julai wahi kidogo maana baridi ya huku ikishika hakuna anayetaka kufungua mlango. Mkiwa wawili ni bora, mmoja anaongea mwingine anaandika. Usianze na habari za "tuanzishe umoja", salimia, ukikaribishwa kaa, uliza "hapa kwako kinachokusumbua zaidi ni nini?" halafu nyamaza usikilize.

Kwenye jengo letu kuna mama wa ghorofa ya juu, nilimwamkia akaitikia "marahaba mwanangu, njoo uone", akanipeleka chumbani akanionyesha dari. Kila mvua kubwa ikipita alikuwa anapanda kwenye stuli analizungushia doa la maji kwa penseli na kuandika tarehe pembeni, duara nje ya duara, miaka mitatu mfululizo. Hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kuingia kuangalia. Picha ya dari ile ndiyo ikawa ukurasa wa kwanza wa barua yetu.

Huko milangoni utakutana na makundi mawili yenye hofu na hapa ndipo kazi nyingi zinakufa. La kwanza ni wenye madeni ya kodi, hao wanajua wakisaini chochote ofisi itaanza na wao, kwa hiyo kabla ya barua ya pamoja wasaidie waandike makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, wayapeleke na yapokelewe. La pili ni waliopangishwa na mpangaji, mwenye mkataba yuko kwingine kabisa na wao ndio wanaolala humo. Usiwalazimishe kuweka majina, andika matatizo kwa namba ya chumba na ngazi, kwa sababu chemba ya maji taka iliyofurika haina jina la mtu. Wakikwambia siri zao zibaki kwako jamani.

Ukishazunguka milango yote chagua jambo moja tu. Moja kweli kweli, linalogusa wengi na linalotengenezeka: paa, chemba, taa za ngazi. Watu wakiona moja limefanikiwa watakuja wenyewe na mengine. Ndipo muitane kikao, sehemu ya wazi, mtoe taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa ili asisikie kwa watu, mchague watu watatu hivi wa kuongea kwa niaba yenu na angalau mmoja awe mama, maana wao ndio wanaojua maji yalikatika saa ngapi. Kikao kikishakaa na mkakubaliana nani anatuma nini, hapo fungueni grupu.

Barua iwe fupi. Tatizo, tangu lini, vyumba vingapi, picha, mnaomba nini na mpaka tarehe gani. Toa kopi mbili, moja inabaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, usiondoke dirishani bila muhuri hata kama karani anasema "mimi nitaiwasilisha tu". Toa na ya tatu kwa diwani. Sheria ya Ardhi ya 1999 kwenye sehemu ya pango inamtaka mwenye nyumba, pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, atunze paa, kuta za nje, mifereji mikuu na maeneo ya pamoja, kwa hiyo itajeni kwa jina. Na kama mnaambiwa bajeti bajeti kila mwaka, ombeni kwa maandishi ratiba ya matengenezo ya jengo lenu chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30 za kujibu.

Kuhusu kodi, nisikilizeni vizuri. Msigome kulipa. Najua hasira, paa linavuja na kontrol namba inakuja palepale, lakini mkigoma mmempa mwenye nyumba sababu ya kuwatoa na kesi inahama kutoka paa kwenda deni. Lipa, tunza risiti. Wala msiende kusema kodi hairuhusiwi kupanda, ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, mtachekwa. Pigania notisi na kile kilichoandikwa kwenye mkataba wako.

Mahakamani ni mbali. Kuishtaki serikali na mashirika yake kunataka notisi ya siku 90 kwanza, na kwenye migogoro ya ardhi na nyumba, tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halihukumu. Mkifika huko tafuteni msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, huduma yao ni bure.

Na wewe unayesaidia kutoka nje, kijana msomi mwenye laptopu, chapa barua, beba mafaili, lakini ofisini aongee anayelala chini ya lile paa.

Fundi akija msisaini karatasi ya kazi kukamilika siku hiyohiyo. Kama ni kiangazi apande amwage ndoo kadhaa za maji mkiwa mnaangalia ndani, kama ni masika subirini mvua. Kwetu tulimwachia yule mama wa juu aamue, alisubiri mvua tatu kubwa zipite, duara la mwisho halikuongezeka, ndipo akasema haya leteni hiyo karatasi nisaini.