Jinsi ya kuifuata hela ya mafuta ya Nigeria ukiwa na simu na bando tu

Wadau, kila stori ya mafuta ya Nigeria ikija watu wanataka jina kwanza, nani kapiga, ana majumba mangapi Dubai. Ukianzia kwenye jina utaishia kwenye umbea. We tafuta namba mbili ambazo zilitakiwa zilingane na hazilingani, jina litakuja lenyewe huko mbele, na likija litakuja na karatasi.

Kwanza chora njia ya hela, hata nyuma ya daftari. Mafuta yanatoka Niger Delta, huko ambako mafuta yaligunduliwa kwenye kisima cha Oloibiri mwaka 1956, shirika la taifa NNPC linauza fungu la serikali, hela inaingia kwenye mfuko wa pamoja, halafu kila mwezi kamati inaitwa FAAC inakaa kugawana: serikali kuu, majimbo, halmashauri, na majimbo yenye mafuta yanapewa 13% yao ya mafuta kabla ya mgao. Weka mishale. Kila penye mshale kuna mtu anatoa na mtu anapokea, kwaiyo lazima pawe na vitabu viwili. Ukikuta kimoja tu, shtuka.

Sasa vilinganishe. Ndicho alichofanya Sanusi Lamido Sanusi akiwa gavana wa benki kuu, hakuwa na jasusi wala nini, aliangalia mafuta yaliyouzwa na hela iliyofika kwake, akaona haviendani, Septemba 2013 akamwandikia rais Jonathan kwamba dola bilioni 49.8 hazijaonekana. Baadaye mahesabu yakapitiwa akashuka mpaka bilioni 20, Februari 2014 akasimamishwa kazi, halafu wakaguzi wa PwC wakaja na lao, NNPC irudishe walau bilioni 1.48. Unaona namba inavyotembea? Ndo maana kila namba unayoandika weka pembeni nani kasema na lini, la sivyo utajikuta unabishana na mtu mmeshika namba mbili za mtu yuleyule.

Ila darasa lenyewe hasa ni ruzuku ya petroli, hapa kaa utulie. Nigeria ina viwanda vinne vya serikali vya kusafisha mafuta, kwenye makaratasi vina uwezo wa mapipa 445,000 kwa siku, kiuhalisia miaka mingi vimekuwa vimelala au vinajikongoja, kwaiyo nchi inayouza mafuta ghafi dunia nzima ikawa inaagiza petroli kwa meli, na serikali ikawa inamlipa muagizaji tofauti ya bei ili mwananchi anunue kwa bei rahisi. Sasa we fikiria, mtu analipwa kwa lita alizosema ameleta. Nani anazihesabu? Waagizaji walikuwa hawafiki kumi mwaka 2006, kufika 2011 wakawa 140, na kampuni za mfukoni zilikuwa humohumo.

Januari 2012 serikali ikajaribu kuifuta ruzuku, watu wakaingia barabarani, bunge likaunda kamati ichunguze. Bajeti ya ruzuku ya 2011 ilikuwa naira bilioni 245. Kamati ikauliza zimetumika ngapi, ikapewa trilioni 1.3 kwenye takwimu rasmi, mhasibu mkuu akasema 1.6, benki kuu ikasema 1.7, kamati yenyewe ilivyojumlisha ikapata zaidi ya trilioni 2.5. Yaani serikali moja, hela moja, mwaka mmoja, na hamna wawili waliokubaliana. Ukikutana na kitu kama hicho usikimbilie kuuliza ipi ni ya kweli, kaa na ile tofauti, uliza imepitia kwenye mshale upi.

Halafu fanya hesabu ya kawaida kabisa ya lita. Waliolipwa walilipwa kana kwamba nchi inakunywa lita milioni 59 kwa siku, kamati ikakuta matumizi ni kama milioni 35. Milioni 24 kila siku, lita hewa! Sisi tunajua watumishi hewa, wenzetu wana petroli hewa. Na hata ile iliyofika kweli nyingine ilivuka mpaka ikauzwa Benin, kwaiyo mlipa kodi wa Nigeria alikuwa anamchangia bodaboda wa Cotonou bila kujua.

Kitu kingine, angalia namba zilizonyooka sana. Januari 2009, ndani ya saa 24, hazina ilitoa malipo ya ruzuku ya naira milioni 999 mara 128. Kiasi kilekile, mara 128. Meli hazifanani hivyo ndugu yangu, lita hazifanani, hata bei inabadilika. Ukipata faili la malipo panga kwa kiasi, zinazojirudia zitakurukia machoni. (Na usiiamini kamati kwa kuwa ni kamati. Mwenyekiti wake, Farouk Lawan, alirekodiwa akipokea dola za mfanyabiashara ili aitoe kampuni yake kwenye orodha, 2021 akahukumiwa jela.)

Hapo sasa ndo utafute majina. Kwa kampuni za Nigeria kuna rejista ya wamiliki halisi ya CAC, ofisi yao ya kusajili kampuni, ya Uingereza iko Companies House, bure zote kuperuzi. Cheki tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kupata tenda. Kampuni ya Malabu ilisajiliwa Aprili 1998, siku chache tu baadaye ikapewa kitalu cha mafuta cha OPL 245 na waziri wa mafuta Dan Etete, ambaye baadaye ilikuja kujulikana ndo mwenye kampuni. Angalia na mahakama za nje: James Ibori, gavana wa zamani wa Delta, mashtaka 170 ya ufisadi yalifutwa na mahakama ya Asaba, hukohuko Nigeria, mwaka 2009, London 2012 akakiri na kupigwa miaka 13.

Ila ukiandika kuwa makini. Tofauti ya namba inakupa swali, bado hujapata hatia. Kampuni za mafuta za Shell na Eni walishtakiwa Milan, Italia, kwa madai ya rushwa walipokinunua kitalu hichohicho cha OPL 245 na Machi 2021 wakaachiwa huru, ukiandika kesi bila hukumu umejitafutia matatizo bure.

Kama karatasi huipati, iombe. Sheria yao ya habari ya 2011 inampa mtu yeyote haki, huulizwi unaitakia nini, na ofisi ina siku 7 za kujibu. Omba kitu kimoja chenye tarehe, ukiandika naomba taarifa zote za ruzuku watakupiga chenga. Ripoti za NEITI, taasisi yao ya kukagua mapato ya mafuta na madini, zipo tayari mtandaoni, na za aina hiyo hata huku zipo, Tanzania tuko kwenye mpango huo wa kimataifa wa uwazi (EITI) tangu 2009 na Uganda wakaingia 2020, kwaiyo ukishazoea kusoma ya Nigeria hizi hazitakusumbua.

Na ukipata faili lipakue sikuhiyohiyo na upige skrinshoti inayoonyesha tarehe. Ile tovuti ya malipo ya hazina waliyoifungua Desemba 2019 kwa mbwembwe za malipo ya kila siku, kuna vipindi imekaa muda mrefu bila kuwekwa kitu.