Kumwandaa mtoto kwa ibada ya shuleni
Binti yangu alipoanza shule ya kutwa ya Kiepiskopali hapa Texas, nilihangaikia sare. Kumbe ningeanza na ibada. Waepiskopali ni Waanglikana wa Marekani, lakini darasani kwake kuna Waislamu na Wayahudi pia, na wote huingia kanisani pamoja. Mfundishe mwanao mapema: asiyeshiriki Meza ya Bwana anaweza kubaki kitini, au aende mbele akiwa amekunja mikono kifuani, padri ambariki tu. Sisi tulifanya mazoezi sebuleni mara tatu, woga ukaisha.

Kisha someni kiapo cha uaminifu cha shule, yaani ahadi ya kutodanganya wala kunakili kazi ya mwenzake, kabla hajakitia saini. Muulize: rafiki akitaka kunakili hesabu zako, utamwambiaje? Usimjibie. Msaada wa karo ombeni pamoja na fomu ya kujiunga.