Daftari la dawa bwenini: andika namba, siyo jina

Kwa mametroni na walimu wa zamu kwenye shule za bweni hapa Uganda, lile daftari la dawa linalokaa wazi mezani, kila mtoto akipita analisoma, jioni bweni zima linajua nani anakunywa ARV (dawa za VVU) na nani ana selimundu (sickle cell). Mimi sasa naandika namba tu na saa, basi: "14, saa mbili usiku", jina la dawa siweki kabisa. Orodha inayosema 14 ni nani inakaa kwenye kabati la kufuli, ufunguo kwa metroni na mwalimu mkuu. Namba ibuni mwenyewe, usitumie ya kusajiliwa shuleni maana hizo watoto wanazijua kwa kichwa (wanajua hata za wenzao!). Hata sheria ya 2019 ya kulinda data inataka idhini ya mzazi kabla ya kuchukua habari za mtoto, kwa hiyo muulize siku mtoto anaporipoti shuleni.

Inafeli wapi? Kama wanaomeza dawa ni wawili tu, namba haifichi kitu. Metroni mpya naye anaweza kuchanganya namba akampa mtoto dawa siyo yake, kwa hiyo bahasha ya dawa ndani ya kabati iwe na jina kamili. Mtoto akizidiwa usiku, daktari mwambie kila kitu. Na akikwambia anapigwa au anaguswa vibaya, hiyo usiifungie kabatini, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.