Ukiondoa nyama sufuriani, unaweka nini?

Swali la "leo mboga nini?" linaweza kujibiwa "nyama" na hakuna atakayeshangaa, maana mboga kwetu ni kitoweo chochote kinachosindikiza ugali au wali. Hapo ndipo wengi wanaoacha nyama hujikwaa. Wanaondoa nyama, wanabaki na ugali na mchicha, na baada ya miezi michache wanalalamika hawana nguvu. Walaji nyama nao wanapata ushahidi. Kumbe mchicha hauna kosa. Nafasi ya nyama ndiyo iliyoachwa tupu.

Anza na hesabu. Mtu mzima anahitaji protini takriban gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 50. Robo kilo ya nyama ya ng'ombe kwa watu watano inampa kila mmoja protini kama gramu 10 tu. Nusu kilo ya maharage makavu kwa watu haohao inampa kila mmoja kama 22. Protini ya maharage haimeng'enywi vizuri kama ya nyama, lakini hata ukipunguza kwa sababu hiyo, maharage hayajashindwa. Ugali nao una mchango wake: gramu 200 za unga wa dona zina kama 16. Protini hujengwa kwa asidi za amino: mahindi yana upungufu wa moja iitwayo laisini, na maharage yanayo tele. Maharage yana upungufu wa nyingine, methionini, na nafaka zinaijazia. Wapare kwa makande yao na Wakikuyu kwa githeri walishapiga hesabu hiyo zamani. Si lazima viwe sufuria moja, vikiliwa siku hiyo hiyo inatosha.

Sasa maharage yenyewe, maana mtu akishaumwa tumbo mara mbili atarudi buchani.

Kwa nusu kilo, chambua, osha, kisha loweka kwenye lita moja na nusu ya maji kwa saa 8 hadi 12. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa usipitilize, yataanza kuchacha. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya chumvi kwenye maji ya kulowekea hulainisha maganda. Ile habari kwamba chumvi hukomaza maharage haina mashiko. Asubuhi mwaga maji hayo, yanaondoka na sehemu ya kinachojaza gesi tumboni. Weka maji mapya, yapite maharage kwa vidole viwili, na chemsha kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Dakika hizo usizichezee. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjika kwa kuchemka kwelikweli, na maharage yaliyopashwa tu bila kuchemka yanaweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Kama unatumia kikapu cha kuhifadhi joto kupunguza mkaa, yachemshe hivyo kwanza ndipo uyafunike.

Yakigoma kuiva, tafuta sababu kabla ya kulaumu jiko. Yawezekana ni ya zamani, yamekaa ghalani kwenye joto na unyevu, na hayo yanaweza kubaki magumu hata ukiyapika mchana kutwa. Yawezekana maji ya kisima ni magumu, au umetia nyanya na limau mapema. Asidi hukaza maganda, kwa hiyo nyanya zisubiri maharage yalainike. Au uko juu milimani: Nairobi na Mbeya, kwenye kama mita 1,700, maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Presha kuka inamaliza tatizo hilo, dakika 15 hadi 20 kwa yaliyolowekwa. Magadi yanasaidia, lakini robo kijiko cha chai yatosha. Yakizidi yanaharibu vitamini B1, na mchuzi unanuka sabuni.

Usiku wa haraka pika choroko au dengu zilizobanguliwa, hazihitaji kulowekwa na gesi yake ni ndogo. Kwa asubuhi, pwani ina jibu tamu kuliko yote: mbaazi za nazi kwa mahamri. Mbaazi nusu kilo zikishaiva kabisa, tia tui jepesi la nazi moja, kitunguu, pilipili mbichi, manjano na chumvi. Likishapungua tia tui zito, koroga bila kuacha kwa moto mdogo mpaka lishike. Ukiliacha lichemke peke yake litakatika, utabaki na mafuta juu na maji chini.

Madini ya chuma ni hadithi nyingine. Yamo kwenye maharage na mboga za majani, lakini mwili huyafyonza kwa shida kuliko ya kwenye nyama. Dawa yake ni vitamini C katika mlo huohuo: kamulia limau mezani, au kula pera au chungwa. Chai na kahawa zisogeze saa moja mbali na chakula, hata kama ni desturi ya nyumba. Kwa kalsiamu usiutegemee mchicha, una oksalati inayoishika isifyonzwe. Sukuma wiki ni bora zaidi, pamoja na ufuta na ulezi. Karanga zina protini karibu robo ya uzito wake, ila zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kukaangwa, na mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya kupitia mahindi.

Kuna kitu kimoja ambacho mimea haina, nacho ni vitamini B12. Anayekula mayai na kunywa maziwa anaweza kuipata humo. Asiyegusa chochote cha mnyama lazima anywe vidonge: mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Usidanganyike kwa kujiona mzima. Ini huweka akiba ya miaka, na folati, vitamini nyingine ya kundi B iliyojaa kwenye mboga za majani na maharage, inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiharibika. Ganzi za miguu na vidole si jambo la kupuuzwa.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, hatuoni sababu ya kufanya majaribio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka wapewe nyama, samaki au mayai kila siku. Tumbo lao ni dogo, haliwezi kubeba wingi wa maharage wanayohitaji. Kijiko cha dagaa waliosagwa kwenye uji kinafanya kazi kubwa kwa bei ndogo.

Walaji nyama nao wasipige makofi mapema. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa shirika hilo uliweka soseji na nyama nyingine zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kuisababisha.

Asiyetaka kuchagua upande afanye hivi: robo kilo ya nyama ikatwe vipande vidogo mno, ikaangwe na kitunguu mpaka iwe kahawia, kisha imwagiwe maharage nusu kilo yaliyoiva pamoja na mchuzi wake. Itokote dakika 20. Kipande hicho kidogo huusaidia mwili kufyonza chuma cha maharage, na sufuria inatosha watu wanane badala ya watano.